Karanga Iliyobaki

Barua ilikuja ndani ya daftari la Zaina, imekunjwa mara nne, na Mwanaima akaisoma mwenyewe. Hilo peke yake lilikuwa jambo. Mwaka jana, wakati kama huu wa kuokota korosho, angevuka barabara kumtafuta mtu wa kumsomea, kisha angesimama kando akimtazama usoni ajue kama ni heri au shari. Safari hii alikaa kwenye kizingiti cha jiko, mtoto mdogo amelala mgongoni, akapitisha kidole chini ya kila neno kama walivyofundishwa darasa la jioni. Alipofika mwisho, akatamani angekuwa bado hajui kusoma.

Mwalimu aliandika kwa mwandiko mzuri, wa kulala. Darasa la kwanza lina watoto arobaini na sita. Darasa la pili lina nafasi thelathini. Watakaopanda ni wale walioonyesha wepesi katika hesabu. Zaina binti Yunusi si mwepesi. Mzazi asisumbuke kutafuta daftari la mwaka ujao. Chini kabisa: Mikidadi, Mwalimu.

Mwanaima aliliangalia jina hilo kwa muda mrefu kuliko maneno mengine yote.

"Zaina," aliita. "Njoo hapa mama. Mwalimu alikuuliza nini?"

Zaina alikuwa na miaka saba na meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Alikuja taratibu, akichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Aliniuliza nane na saba."

"Ukamjibu nini?"

"Mikono mitatu."

"Halafu?"

"Wakacheka. Mwalimu akasema nikae chini." Kisha akaongeza kama anayemsema mwenzake aliyekosa adabu: "Halafu mama, anatupa kokoto juu. Likirudi mkononi mwake kabla hujajibu, basi tena."

Mwanaima akaikunja barua upya. Kokoto! Miaka kumi na moja imepita, na kokoto lile bado linapaa na kushuka.

Mikono mitatu aliielewa mara moja. Zaina alilelewa Chinongwe na bibi yake, Bibi Mwamini, tangu alipoachishwa ziwa mpaka mwaka huu alipoletwa Nachingwea aanze shule. Bibi Mwamini alihesabu kama Wamwera wa zamani wote walivyohesabu. Ukifika tano umejaza mkono, na baada ya hapo hakuna namba mpya: sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, nane ni tano na tatu. Korosho alizipanga chini ya mti mafungu ya tano tano, na mjukuu alikuwa akimfuata nyuma akiyataja. Kwa hiyo Zaina alipoambiwa nane na saba, aliona mkono na vidole vitatu, na mkono mwingine na vidole viwili. Vidole vitatu na viwili vikakutana vikawa mkono. Mikono mitatu. Kumi na tano, hakukosea hata kidogo. Ila kutoka mikononi mwa bibi yake mpaka kwenye Kiswahili cha shule palikuwa na safari, na kokoto halingoji msafiri.

Usiku ule Mwanaima hakumwambia mumewe zaidi ya maneno mawili matatu. Yunusi alikuwa fundi wa mitambo, mmoja wa wale waliobaki Nachingwea baada ya mashamba makubwa ya karanga kufa, akirekebisha matrekta ambayo zamani yalikuwa mia na sasa yalihesabika. Alisikiliza, akasema, "Kama mwalimu ameona hawezi, ameona. Hesabu mtu huzaliwa nazo." Akageukia ukuta, maana alikuwa amechoka.

Mtu huzaliwa nazo. Mwanaima alilala akiyasikia maneno hayo, na yalimrudisha nyuma.

Mwaka elfu moja mia tisa arobaini na nane, huko upande wa Mandawa, Ruangwa, shule yao ilikuwa chumba kimoja cha udongo. Madarasa manne, kila darasa na kona yake, na mwalimu mmoja, Mwalimu Shaibu, akizunguka katikati kama mtu anayechunga sufuria nne kwenye moto mmoja. Ulikuwa mwaka ule ambao habari za Nachingwea zilifika kila kijiji. Watu walisimulia mitambo miwili iliyofungwa mnyororo mnene katikati, inatembea sambamba, na msitu mzima unalala chini kama nyasi. Wanaume walikwenda na kurudi na makofia ya chuma. Watoto wa shule walicheza mchezo wa matrekta, na shule nzima ilinuka karanga, maana hapakuwa na mtoto asiyekuwa na karanga mfukoni.

Mwanaima alikuwa darasa la pili. Darasa la nne, kona ya dirishani, walikuwapo Mikidadi na Felisian.

Mikidadi alikuwa mwembamba na macho yake hayakutulia. Mwalimu Shaibu alikuwa na kokoto lake jeupe la mtoni. Alitaja hesabu, akalitupa juu, na jibu lilitakiwa litoke kabla halijarudi kiganjani. Sita mara nane? Arobaini na nane! Kokoto bado liko juu. Kumi na saba na ishirini na sita? Arobaini na tatu! Watu wazima waliokuwa wanapita njiani na majembe walisimama dirishani kumsikiliza, wakatikisa vichwa. "Huyu," Mwalimu Shaibu aliwaambia, "atakwenda mpaka mwisho wa hesabu, kama hesabu zina mwisho."

Felisian, mtoto wa katekista, alikuwa kinyume chake. Ukimuuliza, alikutazama kama umemwamsha. Kokoto lilirudi, likatupwa tena, likarudi, yeye bado anatazama. Wakati mwingine alijibu baada ya somo kwisha, wakati wenzake wako nje wanacheza, na jibu lake alimpa yeyote aliyekuwa karibu. Mara nyingi aliyekuwa karibu ni Mwanaima.

Siku moja alimkuta amepiga magoti kwenye kona, amepanga karanga chini. Mistari saba, kila mstari karanga saba.

"Unafanya nini?"

"Saba mara saba ni arobaini na tisa," alisema Felisian. "Sita mara nane ni arobaini na nane."

"Haya."

"Tano mara tano ishirini na tano. Nne mara sita ishirini na nne. Kila mara inapungua moja tu. Nimejaribu mpaka kumi na mbili." Alizungumza polepole, kama mtu anayebeba maji bila kata. "Sasa tazama." Aliondoa mstari wa chini, karanga saba, akaanza kuzisimamisha ubavuni, moja kwa kila mstari uliobaki. Mistari iliyobaki ilikuwa sita. Kila mmoja ukapata karanga yake, ukawa na karanga nane. Mkononi mwake ikabaki karanga moja.

"Imebaki moja," alisema, kwa sauti ya mtu aliyemwona chatu. "Itabaki moja kila mara. Kila mara! Hata ukipanga shamba zima la Nachingwea."

Mwalimu Shaibu alikuwa ameingia. "Felisian! Umetuletea shamba darasani?"

"Amepanda, Mwalimu," Mikidadi akadakia toka mlangoni. "Anangoja mvua!"

Darasa lilicheka mpaka vumbi likatimka. Felisian hakucheka wala hakununa. Alinyoosha mkono akimwonyesha Mikidadi ile karanga, kwa sababu kama kuna mtu ambaye angeelewa, alidhani ni yeye. "Imebaki moja, unaona? Kwa nini inabaki?"

Mikidadi aliichukua, akaitupa kinywani, akaitafuna. "Sasa haijabaki."

Hata Mwanaima alicheka. Aliona haya baadaye, lakini siku ile alicheka.

Mwaka ulipokwisha, Mikidadi aliongoza mtihani wa darasa la nne, na Felisian alipita akiwa wa mwisho kati ya waliopita. Kuhusu Mwanaima, Mwalimu Shaibu alimwambia baba yake kwamba msichana ana adabu nzuri lakini kichwa cha hesabu hana. Baba akasema basi inatosha. Hapakuwa na ugomvi. Mwanaima aliweka kibao chake juu ya dari, akachukua jembe, na baada ya miaka michache herufi zilikuwa zimemtoka moja moja kama ndege wanaoacha mti.

Zilirudi mwaka huu, kwenye jengo walilokuwa wakilia chakula Wazungu wa karanga. Mara tatu kwa wiki, jua likishuka, wanawake wanane walikaa humo na watoto mgongoni. Jirani yake wa benchi alikuwa Teodosia, dada yake Felisian, aliyeolewa hapahapa Nachingwea. Wiki iliyopita tu Teodosia alikuja na barua yenye stempu ya Uganda, akaisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza, akikwama na kuanza tena, huku wenzake wakimhimiza kama anayesukuma gari.

"Dada, hapa Makerere nasoma hisabati peke yake, sina somo jingine. Nako huku mimi ndiye wa mwisho kumaliza. Juzi nimekaa na swali moja wiki tatu. Profesa akaniuliza nilizoea wapi kukaa na swali namna hii. Nikamwambia, nyumbani walikuwa wananiacha."

Wanawake walipiga vigelegele. Teodosia alilia, akasema ni moshi wa taa.

Jumamosi, Mwanaima alifungua kibuyu cha mbegu, akahesabu karanga ishirini na tano, akazifunga kwenye pindo la kanga. Yunusi alimwona.

"Karanga za mbegu hizo! Unazipeleka wapi?"

"Shuleni."

"Unakwenda kugombana na mwalimu?"

"Nakwenda kumkumbusha," alisema, akamshika Zaina mkono.

Shule ilikuwa tupu na njia nzima ilinuka mabibo ya mikorosho yaliyooza. Mwalimu Mikidadi alikuwa mezani akisahihisha. Bado mwembamba, lakini macho yalikuwa yametulia, na juu ya rundo la madaftari lilikaa kokoto, jeupe, la mtoni.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, mama Zaina. Kama ni ile barua, nafasi ni thelathini. Singeweza kuzizidisha hata ningetaka."

"Habari za Mandawa?"

Akainua uso. Alimtazama, akamtazama tena. "Mwanaima? Mwanaima wa kona ya mlangoni?" Akasimama. "Lo! Umekuwa mama mtu mzima! Mimi naandika barua, kumbe namwandikia mtu aliyekuwa ananiibia chaki!"

"Nilikuwa naokota, sikuiba."

"Uliokota mpaka sandukuni."

Walicheka. Zaina aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akiona ajabu kwamba Mwalimu ana meno.

"Kokoto ni la Mwalimu Shaibu?" Mwanaima aliuliza.

"Alinipa alipostaafu." Alilichukua, akalipima kiganjani. "Nalitumia kama alivyolitumia."

"Naona." Alivuta pumzi. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalikuwa yamemkimbia, akatumia yaliyobaki. "Mwanangu hakukosea. Mikono mitatu ni kumi na tano. Alihesabu kwa Kimwera, kwa tano tano, kama bibi yake."

Mikidadi aliliweka kokoto chini. Aliangalia mkono wake mwenyewe, vidole vitano. "Mama yangu alihesabu hivyo," alisema polepole. "Korosho. Mimi nami..." Hakumaliza. "Shuleni tulichapwa kwa kusema Kimwera. Nikakiacha upesi kuliko wote. Nilikuwa mwepesi wa kila kitu, mimi." Kisha akajikaza. "Lakini Mwanaima, hata hivyo ni mzito. Sisemi kwa ubaya. Mtoto akiwa mzito kwenye kujumlisha, atafanyaje mbele huko, zikija hesabu zenyewe?"

"Sijui. Wewe ulifanyaje?"

Alimwuliza bila hila. Alijua tu kwamba Mikidadi alikwenda sekondari, kisha akarudi mwalimu, na kwamba watu wa Ruangwa mpaka leo hawaelewi kwa nini hakufika mwisho wa hesabu.

Mikidadi aliketi. Nje jogoo wa mtu aliwika saa zisizo zake.

"Darasa la tisa," alisema, "namba zikageuka herufi. Herufi mara herufi, jibu nalo herufi. Wenzangu wakawa wanauliza, kwa nini hii inakwenda hapa? Mimi sikuwahi kuuliza kwa nini maisha yangu yote. Nilikuwa naangalia kokoto. Nikawa nangoja mtu alitupe, na huko hakuna anayelitupa. Unaachwa na swali, wewe na lenyewe." Alikuna kichwa. "Siku moja mwalimu akaandika ubaoni: chukua namba yoyote. Ipunguze moja, kisha ile ya mwanzo iongeze moja, hizo mbili uzizidishe. Utapungukiwa na moja tu kuifikia ile namba mara yenyewe. Akathibitisha kwa herufi, mistari mitatu. Darasa zima wanaandika. Mimi nikasikia ladha ya karanga mdomoni."

Mwanaima alilikaza pindo la kanga.

"Nilikuwa nimeila," alisema Mikidadi. "Jibu lenyewe. Nikalitafuna mbele za watu."

"Yuko Makerere. Anasoma hisabati."

"Nimesikia. Nilifurahi, na siku hiyohiyo nikachapa watoto watatu." Akatingisha kichwa. "Lakini usinidanganye kwa Felisian. Wazito ni wengi. Wengi walikuwa wazito, na leo bado ni wazito. Na wapo wepesi waliokwenda nasi sekondari wakaendelea mbele vilevile, mbio, wakituacha. Wepesi haukunikosesha mimi. Kilichonikosesha sikijui vizuri."

"Sijasema atakuwa Felisian," Mwanaima alisema. "Nasema ana miaka saba. Mimi walinitoa kwa kokoto hilohilo, na sijui ningekuwa nani. Labda ningekuwa hivihivi nilivyo. Lakini sijui, Mikidadi! Miaka kumi na moja nimelima na kutokujua. Mwache mtoto mpaka ijulikane."

Mikidadi alilitazama kokoto, kisha akavuta mtoto wa meza akalitia ndani.

"Zaina, simama hapa. Tisa na nane. Hakuna kitakachorudi. Ngoja mpaka uone."

Zaina akaweka mikono nyuma. Vidole vilicheza mgongoni, Mwanaima aliviona kutoka upande wake: mkono na vinne, mkono na vitatu. Muda ukapita. Mwanamke akapita barabarani na beseni la mabibo, akapotea kwenye kona. Mwanaima alijizuia kusema, mpaka taya likamuuma.

"Mikono mitatu na mbili," Zaina alisema.

"Kiswahili chake?"

Vidole vikacheza tena. "Kumi na... saba."

"Vema. Kumi na tatu, toa sita."

Muda ukapita vilevile. "Nane."

"Saba," alisema Mikidadi.

"Saba," Zaina alikubali, bila ugomvi.

Mwalimu na mama wakatazamana. Hapakuwa na muujiza wowote mezani pale: moja sawa, moja kosa.

"Umebeba nini kwenye hilo pindo?" Mikidadi aliuliza. "Tangu umeingia unalishika kama kuna dhahabu."

Mwanaima akalifungua. Mikidadi alizitazama karanga, akacheka kidogo kwa pua, akasogeza madaftari. Alizipanga mwenyewe mezani, mistari mitano ya tano, bila haraka. Aliondoa mstari wa chini. Moja hapa, moja hapa, moja hapa, moja hapa. Mkononi ikabaki karanga moja.

Aliishika kati ya vidole viwili kwa muda, akiigeuzageuza, kama mtu aliyeokota kifungo cha shati la utotoni. Halafu akainama, akampa Zaina.

"Hii imebaki," alimwambia kwa upole. "Itabaki kila mara. Unadhani ni kwa nini?"

Zaina aliiangalia vizuri sana. Tangu asubuhi alikuwa amekula kipande cha muhogo tu. Akaitia kinywani, akaitafuna.

"Zaina! Ya mbegu hiyo!" Mwanaima akapiga kelele.

Mikidadi alikuwa amelala juu ya meza. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiganja, akaanza tena. Alipotulia, alifungua kitabu cha shule, akakipekua mpaka ukurasa wa darasa la pili. Majina ishirini na tisa yalikuwa pale kwa wino. Alitafuta mezani, akaokota penseli.

"Kwa penseli, Mwanaima. Mpaka mwezi wa sita. Nikiona hafuati, nitafuta."

"Hata kwa mkaa, Mwalimu."

Waliporudi, mawingu ya kwanza yalikuwa yamekusanyika upande wa Kilimarondo, na udongo ulianza kunuka mvua ambayo haijanyesha. Mwanaima alitembea taratibu, pindo la kanga likiwa na karanga ishirini na nne. Njia nzima alingoja. Alijiambia hangoji, lakini alingoja mtoto aulize ile moja inabaki kwa nini. Walipita matrekta yaliyoota kutu, wakapita jengo la darasa la jioni, wakafika kwenye mkorosho wa kwanza wa mtaa wao.

"Mama," Zaina alisema.

"Naam, mwanangu."

"Nyumbani mabibo yapo?"

Mwanaima akamwangalia, pengo la meno, mguu unaochora mchanga.

"Yapo," alisema, wala hakuongeza mwendo.